Barua ya wazi kwa Kamati ya Elimu: shule zetu za mabati ziko upande gani wa sheria?

Mukuru kwa Reuben,
Nairobi.

Kwa Waheshimiwa Wanachama wa Kamati ya Elimu, Bunge la Taifa,
na Waheshimiwa Wabunge wote wa Kaunti ya Nairobi,
Majengo ya Bunge,
Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: KUREKEBISHA SHERIA YA ELIMU YA MSINGI ILI IZITAMBUE SHULE ZA MITAA YA MABANDA

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyoko ndani kabisa ya mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben. Tuna wanafunzi 312 kuanzia PP1, yaani chekechea, hadi Gredi ya 6, walimu 11 na vyumba vinane vya mabati, viwili kati yake vikitenganishwa na leso iliyotundikwa kwenye waya. Jina la shule nimelificha, na mkisoma mtaona kwa nini.

Hii si barua yangu ya kwanza. Kwa miaka minne nimeandikia ofisi tatu, ambazo sitazitaja kwa sababu sikuja hapa kumchongea mtu. Barua ya kwanza iligongwa muhuri wa kupokelewa, na mpaka leo muhuri huo ndio jibu nililonalo. Kuhusu ya pili niliambiwa faili limehamishwa. Ya tatu niliipeleka kwa mkono, nikakaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, kisha nikaambiwa mkubwa ametokea mlango wa nyuma. Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo nilipong'amua kwamba hata kama mkubwa yule angenipokea kwa chai, hangeweza kunisaidia. Tatizo letu limo ndani ya sheria yenyewe, na sheria mnaitunga ninyi.

Mnakumbuka Januari 2003, Rais Kibaki alipofuta karo ya shule za msingi. Watoto waliokuwa wamekaa nyumbani walimiminika shuleni nchi nzima. Hapa Mukuru walimiminika pia, lakini shule za umma za kumiminikia zilikuwa chache, na madarasa yakafurika watoto wakiketi sakafuni. Waliokosa nafasi walibaki wakizurura vichochoroni huku wazazi wao wakiwa viwandani. Shule yetu ilianzishwa 2006 na akina mama watatu wa kanisa moja hapa mtaani, kwanza kama mahali pa kulinda watoto wasianguke mtaroni, halafu mmoja wao akanunua ubao na chaki. Shule nyingi za mitaa hii zina historia kama hiyo. Karatasi za serikali hutuita APBET, yaani watoaji mbadala wa elimu ya msingi, na wapita njia hutuita shule za mabati. Majina hayo mawili hayatusumbui. Linalotusumbua ni jina la tatu, tulilopewa na sheria, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Sheria inatuweka kapu moja na shule za matajiri.

Kifungu cha 43 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kina makapu mawili tu: shule za umma na shule za binafsi. Kwa kuwa serikali haikutujenga, sisi ni za binafsi. Kwa hiyo mbele ya sheria mimi na mwenye shule ya Karen iliyo na bwawa la kuogelea na mabasi sita ni ndugu wa damu.

Karo yetu ni shilingi 700 kwa mwezi, uji ukiwemo. Nina daftari jeusi la kurasa mia mbili ninaloandika malipo. Ukurasa wa Jumatatu iliyopita unasomeka hivi: Mama Brayo 50. Baba Shantel 100. Shosho wa mapacha 40, na mkaa. Mama Junior, atalipa akilipwa mjengo. Hakuna mzazi hata mmoja aliyelipa mia saba kwa mkupuo siku hiyo, na sikutarajia. Kibarua wa Industrial Area hulipwa jioni kwa kazi ya siku hiyo, na akikosa kuchaguliwa langoni asubuhi, mimi pia nimekosa.

Na bado nadaiwa leseni ya biashara kila mwaka. (Hilo ni la kaunti, najua, na Mheshimiwa MCA wetu, mwakilishi wetu kwenye bunge la kaunti, anisubiri, barua yake inakuja.)

2. Usajili unadai ardhi ambayo hapa haipatikani.

Nikitaka kusajiliwa naambiwa nilete hatimiliki au mkataba wa kukodi uliosajiliwa. Waheshimiwa, ardhi ya Mukuru ina hati, ila hati hizo ziko kwa kampuni na watu ambao hatujawahi kuwaona. Mimi nalipa kodi ya kiwanja kwa mzee mmoja wa mtaa. Alicho nacho ni karatasi aliyopewa kwa chifu miaka ya tisini, iliyokunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo imetoboka. Hapa kwetu hiyo ndiyo hati, na watu wamewahi kupigana kwa sababu yake.

Mwaka juzi alikuja afisa mmoja kukagua, kijana mpole tu. Alitoa futi yake akapima Gredi ya 4 ukuta hadi ukuta, akaandika. Akapima mlango, akaandika. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, uwanja wa michezo uko wapi?" Watoto waliangua kicheko kabla sijafungua kinywa. Uwanja wetu ni kile kichochoro alichopitia akija, na alikuwa amesimama kidogo kusubiri mpira wa karatasi umpite. Naye alicheka. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa vipimo alivyoandika hawezi kunipitisha, na kwamba akiripoti alichokiona huenda shule ikafungwa, kwa hiyo ni heri aseme hakunikuta. Aliondoka. Sijui nimshukuru au nimlaumu. Tangu siku hiyo tunaishi kwa huruma ya mtu mmoja aliyeamua kusema uongo, na hiyo ndiyo sababu jina la shule halimo katika barua hii.

Mtaniambia kuna mwongozo wa mwaka 2015 wa kusajili shule za aina yetu, unaokubali kwamba mtaani hakuna ekari. Upo, nina nakala yake. Lakini mwongozo si sheria. Afisa mmoja anaufuata, mwenzake wa mlango wa pili anakuuliza umeutoa wapi. Na Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru, yaani Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalumu la mipango. Kwa tangazo hilo serikali yenyewe ilikubali kwamba kanuni za kawaida za viwanja haziingiliani na hali ya hapa. Barabara za Mukuru zilipangiwa upana wake, tofauti na ule wa Kilimani. Shule imeshindikanaje?

3. Watoto wetu wanafanya mtihani kwa jina la shule nyingine.

Kwa kuwa hatujasajiliwa hatuwezi kuwa kituo cha mtihani, wala kuingiza wanafunzi kwenye mitambo ya serikali. Tangu KPSEA ya kwanza, mtihani wa taifa wa Gredi ya 6, mwaka 2022, watoto wetu wa Gredi ya 6 wamesajiliwa kupitia shule nyingine yenye namba. Tunailipa kwa kila kichwa. Kiasi sitakitaja, maana mwenye shule hiyo hatutendei ubaya. Anatubeba.

Lakini njooni muone asubuhi ya mtihani. Shule inayotupokea inataka watahiniwa wote wavae sare yake, isije ikaonekana ina wageni. Sare yetu ni sweta ya kijani, yao ni ya maruni. Wiki moja kabla, tunazunguka nyumba kwa nyumba kuazima sweta za maruni. Mwaka uliopita tulipata kumi na tisa, na watahiniwa walikuwa ishirini na sita. Wale saba walivaa mashati meupe matupu, na siku hiyo kulikuwa na baridi. Msichana mmoja, mwerevu kuliko wote, alipewa sweta ya mtoto wa Gredi ya 3. Mikono iliishia kwenye viwiko. Aliingia kuandika mtihani wa taifa akiwa amekunja mikono kifuani ili mtu asione.

Alama zake zilitoka, nzuri. Ziko kwenye hesabu ya ile shule nyingine. Kwa rekodi za serikali, mimi sijawahi kumfundisha mtoto yeyote.

4. Pesa za mtoto zinasimama mlangoni kwetu.

Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ya umma ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Akifika sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, ni 15,042. Hizo 1,420 ni karo yetu ya miezi miwili na kidogo, si utajiri. Lakini kwa watoto wetu wa msingi zingenunua vitabu. Leo Gredi ya 5 ina vitabu vinne vya Sayansi kwa watoto 41, na kimoja hakina jalada.

Sitawachosha kwa hesabu. Niwape kisa cha nyumba moja. Kuna mama jirani ana wavulana wawili. Mkubwa alipata nafasi shule ya umma, mdogo akakosa, yuko kwangu. Mkubwa ana bangili ya Dishi na County, ule mpango wa chakula wa kaunti ulioanza 2023, ambapo mtoto hulipa shilingi tano akapata sahani ya moto. Mdogo hunywa uji wetu saa nne, akangoja hadi jioni. Watoto hawa hulala kitanda kimoja. Juzi nilimkuta yule mdogo amejifunga uzi mweusi mkononi. Nikamuuliza ni wa nini. Akasema, "Ni bangili, Mwalimu, lakini haina pesa."

Katiba katika Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sikuona mahali ilipoandikwa kwamba haki hiyo ni ya yule mkubwa peke yake.

5. Walimu.

Hapa nitasema kifupi. Kati ya walimu wangu 11, wanne wana cheti cha ualimu na namba ya TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu. Kila serikali inapotangaza ajira tunapoteza mmoja au wawili, na siwalaumu, kwani mimi nalipa 8,000 mwezi ukiwa mzuri. Waliobaki ni vijana wa kidato cha nne wanaojifunza kazi kazini. Wengine wana kipaji, wengine hawana. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2021, hakuna aliyepata senti. Mwalimu wangu wa Hisabati aliuza mayai ya kuchemsha kituo cha matatu, na hakurudi darasani. Mayai yalimlipa vizuri zaidi.

Waheshimiwa, najua mtakachojibu, kwa sababu nimeshajibiwa.

Mtasema pesa za umma haziwezi kuingia mfukoni mwa mtu binafsi. Sawa. Lakini kuanzia 2016 serikali hiyo hiyo ilipeleka wanafunzi vyuo vikuu vya binafsi na kuwalipia. Na mwaka 2017 ilianza kulipia ada ya mtihani wa darasa la nane hata kwa watahiniwa wa shule za binafsi. Kwa hiyo mlango huo mliufungua wenyewe, tena mkaanza kuufungulia waliofika chuo kikuu. Kama mnaogopa mfuko wangu, msinipe pesa mkononi. Leteni vitabu. Leteni chakula. Walipeni walimu mafunzo.

Mtasema majengo yetu ni hatari. Hilo siwezi kulikana na sitaki kulikana. Septemba 2019 darasa liliporomoka Dagoretti asubuhi watoto wakiwa ndani, wakafa wasiopungua saba. Jioni ile nilibaki shuleni peke yangu nikitikisa nguzo moja baada ya nyingine. Baada ya msiba ule shule kadhaa zilifungwa mitaani, na ilikuwa haki zikaguliwe. Lakini hakuna aliyeuliza Jumatatu iliyofuata watoto wa shule zile wameamkia wapi. Mimi najua wachache walikoamkia, kwa sababu niliwapokea. Vivyo hivyo Mei 2024 baada ya mafuriko, tingatinga zilipopita kandokando ya mto, shule ya jirani yetu ilienda na vibanda. Wiki ile nilipokea watoto 58 bila dawati hata moja la ziada. Mtu akifunga shule mbovu bila kuonyesha nyingine, hatari haijaondoka. Imehamia kwangu, kwenye chumba kilichojaa maradufu.

Mtasema wazazi wawapeleke watoto shule za umma. Wangependa. Iliyo karibu nasi iko ng'ambo ya barabara ya malori. Mtoto wa miaka sita aivuke peke yake alfajiri, maana mama yake saa kumi na mbili tayari yuko langoni mwa kiwanda. Akifika, anakuta darasa la watoto zaidi ya themanini. Kifungu cha 30 cha sheria yenu kinamfanya mzazi asiyempeleka mtoto shule kuwa mkosaji. Huyu wa kwetu amempeleka, tena analipia kutoka kwa kibarua chake. Kosa lake ni lipi?

Na mtasema kati yetu kuna matapeli. Wapo. Nawajua wawili kwa sura. Mmoja ana shule tatu na picha za watoto wake ziko kwa wafadhili wa nchi nne, lakini choo chake ni kimoja. Wenzangu watanikasirikia kwa kusema haya, ila ni kweli, na ndiyo maana nataka sheria. Mahali ambapo kila mtu yuko gizani, tapeli na mwalimu wanafanana.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya Msingi yamezungumzwa tangu ripoti ya mwaka 2023 ya jopo la Rais la mageuzi ya elimu, basi haya yaingizwe humo, tusiambiwe tungoje mswada mwingine.

a) Kifungu cha 43 kiongezewe kundi la tatu: shule za jamii katika makazi duni, zisizogawana faida, zenye karo isiyopita kiwango kitakachowekwa, na hesabu zinazobandikwa ukutani wazazi wazione. Zangu ziko tayari kubandikwa kesho.

b) Mwongozo wa usajili uingizwe ndani ya sheria. Mkataba wa kukodi pamoja na barua ya chifu vitoshe kwa usajili wa muda wa miaka mitano, na mkaguzi aje na orodha ya vitu vya kurekebisha, kila kimoja na tarehe yake: kwanza milango miwili kwa kila darasa, vyoo, nguzo na nyaya za stima. Uwanja wa michezo uje mwisho.

c) Shule itakayosajiliwa hivyo ipewe namba yake, na watoto wafanye mtihani kwa jina la shule iliyowafundisha.

d) Mgao wa mtoto umfuate kwa njia ya vitabu na mafunzo ya walimu wakati wa likizo, kuanzia bajeti itakayosomwa Juni. Tukipewa nusu mwaka wa kwanza, hatutaandamana.

e) Pasiwe na shule ya mtaani itakayofungwa kabla ya kila mtoto wake kupewa nafasi kwingine kwa maandishi, jina la mtoto kwa jina la shule. Panapokuwa na hatari ya kuporomoka, watoto watolewe siku hiyo hiyo, na mahali pa kuwaweka patafutwe siku hiyo hiyo.

Ibara ya 119 ya Katiba inaturuhusu kuwasilisha ombi Bungeni. Wazazi wameanza kutia sahihi, na wasiojua kuandika wanaweka dole gumba. Hadi jana jioni tulikuwa 204 kutoka shule yetu peke yake, na shule nyingine sita zinazungusha karatasi zake. Tutalileta ombi hilo kwa karani wa Bunge kabla ya muhula huu kufungwa, tutembee kwa miguu kupitia Enterprise Road bila fujo.

Ila ningependa mtutangulie ninyi. Chagueni Jumatatu yoyote, mfike kabla ya saa moja asubuhi, maana ndipo wazazi hupita kulipa na mtaweza kuwauliza wenyewe. Daftari jeusi litakuwa mezani. Magari yaacheni pale lami inapokatikia. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika kumi, mtaulizia shule ya sweta za kijani, na kama usiku mvua ilinyesha, njooni na gambuti.

Wenu katika kazi,

Mwalimu Mkuu,
shule ya msingi isiyosajiliwa,
Mukuru kwa Reuben.

Nakala:
Wazazi wote, kupitia ubao wa matangazo ulio kando ya lango.